Petroli Kali na Zege Bichi

Jumatatu, 9 Septemba

Miaka mitatu kasoro mwezi mmoja tangu niondoke nyumbani. Leo nimeanza kurudi.

Naandika nikiwa ndani ya gari, kwenye kiti cha ngozi. Ni laini kuliko kitanda chochote nilichowahi kulalia. Nimetandika fulana yangu ya kazi nisikichafue. Taratibu amecheka. Amesema kiti hakijui suruali ya nani.

Taratibu ni dereva wa mhandisi wetu. Jina hilo alipewa na sisi vibarua, kwa sababu umwombe lolote, jibu lake ni "taratibu". Mhandisi amemaliza mkataba, amepanda ndege na mkewe, gari likabaki. Akamwagiza Taratibu alivushe mpaka, alipeleke nyumbani kwake. Na kwake ni mji ule ule nilikotoka mimi. Nikaomba lifti. Taratibu akakubali kwa sharti moja — nimwongeleshe asisinzie. Mpaka saa hizi mwenye kusinzia ni mimi.

Barabara inavutwa chini yetu kama kitambaa. Miti inakuja, inainama, inapita. Nimekoroga zege miaka mitatu, na nikilala naota zege. Leo nimesinzia mara mbili na sikuota zege. Nimemwota binti yangu.

Sijawahi kumwona. Nilimwacha tumboni. Na kwenye picha za simu huwezi kujua kimo cha mtoto. Kwa hiyo ndotoni kila mara ana urefu mwingine. Mara wa magotini, mara wa kiunoni, mara anapita chini ya meza bila kuinama. Yeye anaiita simu "baba". Simu ikianguka anasema baba ameanguka.

Mke wangu ameniambia Jumapili. Kaka yake atakuja Jumapili na pikapu. Nisipokuwepo, wanapakia vyombo, anapanda na mtoto, wanarudi kwao. Mwaka jana nilisema nakuja, mkandarasi akashikilia mishahara. Mwezi wa nne nikasema nakuja, toroli likanivunja kidole cha mguu. Sasa hataki sababu. Wala hakugomba. Alisema kwa sauti ya mtu anayekunja nguo.

Safari ni ya siku mbili, tatu ukijikokota. Tutafika Alhamisi. Nafasi ipo tele.

Jumanne, 10 Septemba

Mpakani kutwa nzima. Kibali cha gari, kodi ya barabara, bima ya upande wa pili, mhuri juu ya mhuri. Hela alizopewa Taratibu ziliisha kabla ya bima. Nikatoa za kwangu. Sikuwa na nyingi, mishahara naituma nyumbani. Taratibu ameapa Mhandisi atanirudishia, akaniuliza lini nazitaka. Nikamwambia taratibu. Hakucheka.

Sasa habari ya petroli. Gari hili lina makuu, halinywi petroli ya kawaida. Mhandisi aliusia — ile ya daraja la juu tu, ile ya bei, nyingine itaua injini. Taratibu anaiita "ile kali". Alipewa pia kadi ya mafuta ya kampuni. Unaichomeka kwenye mashine, basi, unaondoka. Upande ule tulijaza kama wafalme.

Upande huu, kituo cha kwanza baada ya mpaka. Taratibu hasomi maandishi ya pampu, anasoma rangi. Maisha yake yote ya udereva, kule kwetu kazini, mpini mwekundu ndio ile kali. Akanyoosha kidole — ule mwekundu, jaza. Tangi likajaa. Kadi ikachomekwa. Mashine ikaisoma, ikafikiri, ikaikataa. Ikachomekwa tena, ikakataa tena. Muuza mafuta akasema kwa upole kwamba kadi hii ni ya kule, huku haifanyi kazi. Tukakwangua mifuko, yake na yangu. Ikatosha kwa mbinde. Ndipo Taratibu akauliza, mbona ile kali kwenu ni rahisi hivi? Muuza mafuta akamwambia huku ile kali ina mpini wa bluu, na yeye hana. Nyekundu ni ya kawaida.

Taratibu alisimama ameshika kifuniko cha tangi mbele ya kifua, kama mtu aliyevua kofia msibani.

Jumatano, 11 Septemba

Asubuhi gari lilikwenda vizuri, tukaanza kujipa moyo. Saa nne likaanza kugonga. Sauti ndogo, misumari ndani ya kopo. Taa ya njano ikawaka. Taratibu akazima redio asikilize. Akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Baiskeli zikatupita. Mwenye baiskeli mmoja akachungulia dirishani, akauliza kama tunasindikiza maiti.

Mchana tukafika chini ya mlima. Barabara inaupanda ikijikunja, na juu kabisa imeingia ndani ya wingu, huioni tena. Ukiitazama sana unahisi ukifika pale utakuwa umekufa bila maumivu. Gari lilijaribu kona ya kwanza. Likakohoa, likagoma, tukarudi kinyumenyume. Taratibu alitoa machozi, kweli kabisa. Injini hii ikifa mikononi mwake, mshahara wa maisha yake hautoshi kuilipa.

Chini ya mlima pana kituo kimoja. Pampu tatu, banda la bati, ofisi ya kioo. Pampu moja ina mpini wa bluu. Nilipouona nilisikia kama nimeona ndugu kwenye umati.

Mwenye kituo ni mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Madereva wa malori wanamwita Mama Kali. Sijui ni kwa ajili ya petroli au ni yeye mwenyewe. Taratibu akamweleza mambo ya kadi. Mama akasema, mpigieni huyo mhandisi alipe kwa simu. Tukapiga, hapatikani. Tukapiga tena. Taratibu akasema bosi yuko mapumzikoni, huwa anazima.

"Tajiri akizima simu anapumzika," Mama akasema. "Sisi tukizima, chaji imeisha."

Kukopesha, hapana. Nikauliza lifti kwa wenye malori. Siku hizi hawapakii mtu, wana kamera kwenye kioo. Basi halipiti njia hii. Nikaenda kukaa kivulini, karibu na pampu ya bluu. Harufu yake inapanda kichwani polepole, inakufanya uwaze mambo marefu. Nikaangalia chini. Pale magari yanaposimama, zege limevunjika kama biskuti iliyokanyagwa. Nikasema, bila kumwambia mtu:

"Hili lilipandwa na gari likiwa bichi."

Mama Kali alikuwa nyuma yangu. "Wewe fundi?"

"Kibarua wa zege, mama."

"Afadhali. Fundi ndiye aliyenifanyia hivyo. Siku ya pili tu akasema, ingizeni lori, mama, limekauka. Akachukua chake, akaingia mitini."

Kisha akanitazama mikono. Akasema saruji anayo, kokoto anazo, mchanga ule pale. Nimvunjie, nimmwagie upya. Atatujazia tangi ile kali mpaka shingoni.

"Utatujazia lini?" nikauliza.

"Siku gari lenu litakapopanda juu yake na zege likanyamaza."

"Nani atasema limekauka?"

"Wewe, mwanangu. Lakini useme kweli. Nimeshaumwa na nyoka, nikiona ung'ongo nashtuka."

Nikapiga hesabu kichwani. Kwa desturi ya kazi yetu, hata kwa gari dogo zege hungojwa wiki. Nikizidisha saruji, na jua hili likiendelea hivi hivi, Jumamosi jioni. Tunapanda mlima, Taratibu anaendesha usiku kucha, tunafika Jumapili kabla hawajanywa chai. Nikakubali.

Nimempigia mke wangu nikamwambia Jumapili asubuhi. Akasema haya. Haya tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Tumevunja, tumezoa, tumekoroga, tumemwaga. Kazi ya watu sita wameifanya wawili, na mmoja ni dereva. Taratibu alivua shati lake jeupe, akalikunja kama barua, akaliweka kwenye kiti cha nyuma. Hajui kushika koleo. Analishika kama usukani. Nilimwambia ageuze kutoka chini, kavu kwanza, maji baadaye. Alitaka kuweka maji mengi ili koleo liteleze. Nikamwambia ukilipa zege maji ya kukuridhisha wewe, litakulipa nyufa. Akasema kumbe zege ni kama mama mkwe.

Mama Kali alitoka mara kwa mara, miwani machoni, haongei. Mara moja tu aliuliza mbona namwaga kwa mkupuo, sipumziki. Nikamwambia likikatishwa njiani linakumbuka, linapasukia hapo hapo. Akaenda akaleta maji ya kunywa.

Kabla ya adhuhuri tumemaliza. Nimelisawazisha kwa ubao, taratibu, taratibu — leo jina lake limenifaa mimi. Mgongo unawaka. Lakini zege bichi likishasawazishwa lina uzuri wake, linang'aa kidogo kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Nilikaa nikalitazama mpaka nikasahau niko nchi gani.

Jioni ukungu umeshuka kutoka mlimani. Kwanza ukafuta barabara, kisha malori, kisha bango la bei. Baridi.

Hii sikuipigia hesabu.

Ijumaa, 13 Septemba

Ukungu tangu asubuhi. Jua ni kama sarafu nyuma ya shuka. Zege likipata baridi linalala, halifi, linalala tu. Nimelifunika magunia yaliyolowa. Namwagilia asubuhi na jioni, ingawa hewa yenyewe ni maji.

Tumeitoa ile petroli ya kawaida kwa mpira. Taratibu alivuta kwa mdomo, ikamwingia. Anatema mate mpaka sasa. Anasema chakula chote kina ladha ya Jumanne.

Nililala mchana kwenye kiti cha ngozi. Nimeota mlango wa nyumba yetu uko katikati ya barabara, peke yake, bila ukuta. Malori yanaupita kwa adabu. Nikapiga hodi. Ndani sauti ya mtoto ikauliza ni nani, nikashindwa kujieleza. Niliamka mikono ikiwa imekufa ganzi.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimefunua gunia nikalikwaruza kwa msumari. Msumari ukazama kidogo, ukaacha mfereji na unga. Bado. Nikajaribu pembeni, penye upepo. Bado.

Taratibu alikuwa ananitazama. Akanivuta nyuma ya banda. Akasema zile mbao tulizozungushia zege bado zipo. Tuzilaze juu, matairi yapite juu ya mbao, uzito utasambaa. Gari ni dogo. Litapanda, litasimama, halitatoa hata sauti. Mama ataona kwa macho yake. Tunajaza, tunapanda mlima.

"Na likija lori?" nikamwuliza.

"Lori lije, sisi tutakuwa tumeoga, tumelala kwetu."

Amesema kweli. Hilo ndilo linaloniuma, amesema kweli tupu. Nyufa hazionekani leo. Zinaanzia chini, zinapanda wiki mbili, tatu. Na huyu mama hana njia ya kunifuata.

Ananiita mwanangu, lakini kila mtu anamwita mwanangu. Leo nimesikia akimwita hivyo mzee mmoja wa lori mwenye mvi kumshinda.

Mke wangu amepiga kabla sijapiga mimi. Kaka yake ameshafika tangu jana na pikapu, hakungoja Jumapili. Amekula, amelala, ameanza kutazama vyombo kwa jicho la kupima. Mke wangu amemwomba angoje mpaka kesho jua lizame. Akaniambia, safari hii usiniambie unakaribia. Nipe saa, na mimi nimpe kaka saa.

Nikahesabu. Tukiondoka kesho alfajiri, tunaingia jua likizama. Inatosha barabara.

Nikamwambia nitampigia kesho asubuhi. Akaniuliza kama huko nako kuna baridi. Nikamwambia ipo. Akasema mtoto ana mafua kidogo, lakini anacheza.

Jioni nimemwambia Taratibu alete mbao. Tumezipanga nyuma ya banda, mbili mbili, upana wa matairi. Mikono yangu ilizipanga vizuri sana. Sikuwaza kitu.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika mchana, jua linawaka. Niandike kwa mpangilio.

Alfajiri ukungu ulikuwa umeondoka. Mlima wote unaonekana, barabara yote mpaka juu, kama mtu ameichora tena. Taratibu alikuwa amevaa shati jeupe. Gari linaunguruma kwa kile kidogo kilichobaki ndani ya tangi. Mbao begani kwake.

Mama Kali akatoka na ufunguo wa pampu ya bluu. Akavaa miwani. Akanitazama mimi, hakulitazama zege.

"Mwanangu. Leo?"

Nilikuwa nimekwisha kulitayarisha neno. Lilikuwa mdomoni, fupi tu. Nikainama nifunue gunia, ili niseme nikiwa nimetazama chini. Zege lilikuwa limelowa, na picha ya mawingu ilikuwa inapita ndani yake, polepole. Nikaweka kiganja. Ukiweka kiganja unalijua. Juu limeshakuwa jiwe, lakini chini bado lina ubaridi wa kitu ambacho hakijaamua.

Nikasema, "Kesho, mama. Jua la leo likishalipata."

Taratibu akashusha mbao. Akaenda akazima gari. Aliniuliza, kwa sauti ya chini ya mtu mgonjwa, kama najua nilichofanya. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama mke ni wangu au ni wa huyu mama. Akaondoka akaenda kukaa na wenye malori. Mpaka sasa hajarudi. Simlaumu. Sijui mwenyewe kwa nini nilisema vile.

Mama Kali akasema, haya. Akarudisha ufunguo mfukoni. Akaniletea ndoo.

Salio langu lilikuwa limeisha. Nikamwomba simu. Akanipa, akaingia ndani ya kioo akafunga mlango, nizungumze.

Mke wangu aliitikia upesi. Namba ngeni, alidhani ni mtu wa barabarani amenikuta nimepata ajali.

"Mmeshapanda mlima?"

"Bado."

Nikasikia sufuria zinagongana. Zinawekwa ndani ya kitu.

"Kesho," nikasema. "Jumatatu. Jioni."

Nyuma yake shemeji akauliza, anasemaje? Akamjibu, anasema kesho. Shemeji akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayemjua mtu. Akasema kesho ya huyu bwana ina mikia.

"Kwa nini kesho, kwa nini si leo?" mke wangu akaniuliza.

Sikuwa na sababu nyingine, nikamwambia hiyo hiyo. Nikamwambia habari ya petroli ya mpini wa bluu, ya zege, ya ukungu. Nikamwambia na habari ya mbao. Nilijua naharibu. Mwanamke gani atafurahi kusikia mumewe angeweza kuja leo?

Halafu akauliza, "Limepasuka mahali?"

"Halijapasuka."

"Unalimwagilia?"

"Asubuhi na jioni."

"Jua ni kali huko?"

"Limetoka leo."

"Basi limwagilie na mchana."

Shemeji akachukua simu. Sauti yake nene, ina haraka ya mtu mwenye gari la watu.

"Shemeji, salama? Mimi sitaki maneno mengi. Kabati limeshapanda. Meza imepanda. Limebaki godoro, nimelifunga kamba, liko hapa mlangoni. Nilipandishe au nisilipandishe?"

"Usilipandishe."

"Sasa tukingoja hiyo kesho yako, leo tunalala wapi? Kitanda nimeshakifungua."

"Lifungueni godoro, lilalieni chini."

Nikasikia simu imewekwa juu ya kitu kigumu, haikukatwa. Nyayo. Mtu anasukuma kitu kizito, au anakivuta. Sikujua ni kwenda nje au kurudi ndani, sauti ni ile ile. Halafu simu ikakatika.

Nimepiga tena mara mbili, haipokelewi. Mama Kali anahitaji simu yake, nimemrudishia.

Jua liko utosini. Zege limeanza kubadilika rangi pembeni, kutoka kijani cha ubichi kwenda kwenye weupe. Nakwenda kulimwagilia. Gari litapanda kesho alfajiri, tutajaza, tutaupanda mlima. Natarajia kufika nyumbani kesho, Jumatatu, jioni, watu wakianza kuwasha taa.